Meno Thelathini

Zamani, Jumapili jioni, kwenye banda la Likumbage pale Mtama,
kiingilio shilingi hamsini au kibaba cha choroko,
tulikaa juu ya magunia ya korosho
tukimwangalia Bwana Chitanda na kofia yake iliyopauka
akipiga goti mbele ya kinyesi cha fisi
kama mtu anayesoma barua kutoka kwa wakwe.
"Ni cheupe," alisema, "kwa sababu ya mifupa.
Fisi hatupi kitu."
Basi. Kipindi kizima kilikuwa hicho,
na hakuna aliyetoka nje, hata kukojoa.

Kwake nilijifunza kwamba simba ana meno thelathini,
kwamba chonge likioza nyati humshinda,
mbio humshinda,
ndipo anapotufikiria sisi.
Kwamba simba wa huku hafuati mtu:
anafuata nguruwe,
nguruwe anafuata muhogo,
na muhogo tumeupanda wenyewe.

Baba aliyasikia hayo amesimama mlangoni, jembe begani,
hakutaka kulipa.
Asubuhi akakata miti akaliinua dungu letu,
ngazi ikaongezeka vipandio viwili.
Runinga ilituingilia nyumbani hivyo,
vipandio viwili.

Kisha Chitanda akaondolewa. Walisema hatazamwi.
Magunia hayakuulizwa.

Sasa kipindi kinaanza kwa king'ora.
Nyegere na chatu wametiwa kwenye pipa lililokatwa,
tuma moja kwa nyegere, tuma mbili kwa chatu,
na Likumbage mwenyewe, mtu mzima, anatuma.
Wiki nyingine watu wawili wenye suti
wanabishana kama nyani ana akili,
huyu hamngoji yule amalize,
na nyuma yao nyani mwenyewe, mnyororo kiunoni,
anafungua taratibu fundo la waya wa kipaza sauti.
Hakuna aliyemtazama.

Halafu wakaja kwetu.
Magari matatu, taa, poda ya usoni.
Wakamkalisha Bi Esha Nannonga kwenye kiti cha plastiki,
huyo aliyempoteza Sharifa njia ya kisimani,
akalia.
"Rudia, mama. Jenereta ilikohoa."
Akarudia.
"Sasa tuambie. Simba wa Mungu, au simba wa mtu?"

Akanyamaza.
Wakamwacha na kimya chake, kamera inameza.
Jogoo wa mzee Mchopa akawika,
naye Bi Esha akageuza shingo, kama yeyote angegeuza,
kuelekea nyumba ya Mchopa.

Ikatosha.
Jumapili ile shingo ikarudiwa mara nne, polepole,
na duara jekundu likachorwa kwenye paa la makuti
ambalo mimi nilisaidia kuliezeka.

Mchopa hakupigwa. Niseme ukweli, hakupigwa.
Hakuuziwa chumvi tu.
Mwezi haukuisha, akafunga godoro kwenye baiskeli
akaenda kwa dada yake Nachingwea.
Muhogo wake, robo tatu ya eka, ulikuwa umekomaa.
Nguruwe waliuvuna.
Na nguruwe nani humfuata, nimeshasema.

Usiku huu niko juu ya dungu na mpwa wangu Bakiri.
Huko bandani wanaangalia sehemu ya pili,
king'ora kinafika mpaka huku shambani.
Mtoto anauliza: "Yule simba, alikuwa na jino bovu?"
Hawakuonyesha, nikamwambia.
Walikuwa na taa zote zile, hawakuuliza habari ya jino.

"Anayo mangapi?"
"Thelathini."
Akahesabu kwenye vidole vyake, akakopa vyangu.
"Na mtu je?"
"Thelathini na mawili."

Akajilamba meno kwa ulimi, moja moja, kinywa kimefumba.
Chini yetu, upande wa kwa Mchopa,
muhogo ukavunjika.