Nusu ya Mbwa

Mahakama ya Coyhaique iligawa kwa haki:
nyumba kwake, gari kwangu,
jiko la kuni kwake, hema kwangu,
na mbwa
(hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena)
mbwa mtapokezana kwa miezi.

Oktoba ni yangu.
Kwa hiyo majira haya ya kuchipua,
theluji ikilegea milimani
na barabara ya kusini ikigeuka tope na kokoto,
nilimfungulia Ruibarbo mlango wa nyuma.
Akapita katikati, akaketi kiti cha mbele,
kiti cha Eliseo,
akatazama mbele kama abiria aliyekwisha lipa nauli.

Kilomita mia mbili hatukusemezana.
Mvua ilikuja, ikaenda, ikarudi na jua kwapani.
Vichaka vya kalafate vilikuwa vimetoa maua
madogo, ya manjano, mengi kama makombo ya keki,
na kila tulipopishana na lori la kondoo
alibandika pua kwenye ufa wa dirisha
akaisoma habari yote mpaka nukta.

Nikimwambia kaa, anasimama.
Nikimwambia njoo, anakaa.
Eliseo alimfundisha kwa mluzi,
na mimi tangu utoto sijui kupiga mluzi;
midomo yangu hutoa upepo mtupu
kama pampu ya baiskeli iliyopasuka.

Tulipiga kambi kando ya ziwa, mbele kidogo ya Guadal.
Rangi ya maji yale sina jina lake:
si buluu, si kijani,
rangi ya kitu kilichokuwa barafu jana.
Vigingi vilikataa ardhi, nikavikandamiza kwa mawe.
Nikapika dengu. Akala zake, akala zangu.
Usiku upepo ulilishika hema ukosi,
ukalitikisa likiri.
Nilinyoosha mkono gizani kutafuta manyoya
nikagusa blanketi, lenye joto bado.

Ni msimu wa kondoo kuzaa.
Kila mkazi wa huku anajua maneno matatu yanayofuata:
mbwa mgeni,
zizi,
bunduki.

Nilitoka na tochi, kiatu cha kulia mguu wa kushoto,
nikiita Ruibarbo! Ruibarbo!
jina la kipuuzi kulipigia kelele saa tisa usiku,
jina la mboga chachu,
tulilolichagua jikoni tukicheka
mwaka ule tuliokuwa bado tunacheka.
Nikajaribu mluzi.
Upepo mtupu, ndani ya upepo.

Kulipokucha niliona moshi, chini yake nyumba ya mabati,
na mama mmoja mlangoni, buti za mpira, koti la mumewe,
akinitazama kama fundi aliyechelewa.
"Mwenye mbwa ni wewe?"
"Nusu," nikasema.
"Basi nusu yako imekula jibini yangu nzima.
Peso elfu sita."

Nyuma yake, mbele ya jiko, Ruibarbo kajinyoosha
ubavu kwa ubavu na kasha la tufaha
lenye wanakondoo wawili waliokosa mama.
Hakuwagusa.
Huenda ni wema. Huenda alikuwa ameshiba.

Nililipa. Otilia Cárcamo alihesabu noti mara mbili,
kisha akanimiminia chai yetu chungu,
kibuyu kimoja, bomba moja, tukipokezana.
"Humpigii mluzi?"
"Siwezi."
Akacheka, akanionyesha pengo la meno ya mbele.
"Mimi pia. Nagonga sufuria."

Garini nilichukua kikombe cha bati na kijiko.
Nikagonga, tin, tin,
nikijiona mjinga mbele ya ziwa zima.
Ruibarbo hakugeuka.
Lakini sikio moja lilisimama,
la upande wangu.

Leo ni tarehe kumi na mbili.
Gari lote linanuka jibini.