Mizani ya Unga, Kadutu

Ya kwanza ililetwa mgongoni,
imefungwa kitenge kama mtoto mwenye homa.
Niliipandisha juu ya mizani ya mama,
pale anapopimia unga wa muhogo:
kilo tatu na nusu,
na chaja pembeni, nzito kama tofali.
Mama akauliza, "Hiyo nayo inasagwa?"

Lakini ilikuwa na milango.
Skurubu kumi na saba, nilizipanga kwenye kifuniko cha birika.
Betri ikatoka kwa kidole gumba,
kumbukumbu ikang'oka kama jino la utoto,
feni ikatapika vumbi, nywele, chembe za biskuti.
Nilimjua mwenyewe kwa uchafu wake
kabla hajaniambia jina.
Ilinguruma. Juni, baridi ya ziwa ikipanda,
tuliota mikono juu yake.

Kisha zikaanza kukonda.
Kilo mbili na robo: mlango wa diski hakuna.
Kilo moja na nusu: tundu la waya limezibwa.
Nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango,
kila moja nyembamba kuliko dada yake,
na watu wakilipa zaidi
kwa kile kilichoondolewa.

Jana Ntakwinja, mwanafunzi wa sheria,
kaitoa yake ndani ya bahasha, katikati ya karatasi.
Imemwagikiwa chai ya maziwa.
Sindano ya mizani ilitikisika tu, kama inasita.
"Haijafika kilo," akasema mama. "Nisingeiuzia mtu."
Nikaigeuza. Tumbo laini, halina kitovu.
Betri imegandishwa kwa gundi,
kumbukumbu imechomelewa ubaoni.
Nimesimama na bisibisi yangu
kama mtu mwenye ufunguo
wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Nikaazima kikaushia nywele saluni kwa Faida,
nilainishe gundi.
Nusu ya ukingo ulipoanza kuachia
umeme ukakatika, Kadutu nzima.

Gizani mama alikuwa anakung'uta magunia.
"Uzito haupotei," akasema,
"unahama. Muulize kaka yako."

Birindwa aliteremsha mawe kule Nyabibwe
miaka minne, kilo hamsini kila gunia.
Bega lake la kulia limeshuka;
hulalia la kushoto, uso ukutani.
Alipasa kiberiti, akaiinua mashine kwa vidole viwili.
"Ndiyo hii?"
Kiberiti kikamchoma, hakukitupa upesi.
Akairudisha mezani polepole,
polepole mno kwa kitu chepesi vile.

Saa tatu umeme ulirudi.
Ndani mlinukia sukari iliyoungua.
Ntakwinja alitaka kurasa zake sitini na mbili tu,
ambazo hazina hata gramu,
nazo zilikuwa humo,
chini ya kitu nisichoweza kukifungua bila kukivunja.

Nikamwambia arudi Jumatatu.
Sikumwambia Jumatatu gani.