Kiini Kipya, Kibaigwa

Saa nane usiku nilibonyeza *ndiyo*.
Kompyuta ya mizani ikameza kiini kipya,
ikajizima kama ilivyoagizwa,
ikarudi,
ikaishia njiani.

Kioo cheusi. Kishale cheupe kinapepesa
pale juu kushoto, kama jicho la mtu
anayekusikia na hataki kuitika.
Halafu mstari mmoja:
*mzizi haukuonekana.*

Mzizi gani? Nje, soko zima limelala juu ya mahindi.
Fuso kumi na mbili zimejipanga hadi kwenye lami,
utingo wamejifunika maturubai,
upepo wa Julai unagonga mabati.
Kukipambazuka wote watataka kupimiwa,
na ni mimi peke yangu ninayejua
kwamba mizani haipo.

Nilifanya afanyalo kila fundi:
nikazima, nikawasha.
Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka.
Nikazima, nikawasha.
Nikaulaumu umeme, na taa inawaka utosini pangu.
Nikazima.

Ndahani, mlinzi, akasimama mlangoni na kikombe cha chai.
"Imekufa?"
"Haijafa. Haijaamka."
"Kwetu hayo mawili mganga wake mmoja,"
akasema, akaniachia kikombe mezani,
akaenda kuzunguka ghala.

Nikakaa chini. Nikajilazimisha kwenda polepole,
kama Mama Yusta anavyochambua punje kiganjani.
Dumuzi, husema yeye, akishamaliza kiini
punje hubaki na umbo lake, nzuri tu machoni;
ipande uone:
udongo hauna la kuiambia.

Haya. Umeme upo.
Diski inanguruma, naisikia,
sikio langu limebanwa kwenye ubavu wa bati.
Basi mzizi upo.
Asiyeuona ni mgeni.

Nikawasha tena, kidole juu ya shifti
kabla herufi hazijaanza kukimbia.
Orodha ikafunguka. Na chini kabisa, mstari wa tatu,
kiini cha mwaka juzi,
ambacho sikukifuta kwa uvivu tu.
Nikakichagua.
Ikakohoa mistari, ikasita, ikakohoa tena,
ikaniuliza jina langu.

Nikaenda kutazama chumba cha kuamshia,
kile kipande kidogo cha diski
mashine inapopapasa kwanza ikifumbua macho.
Kimejaa. Asilimia mia.
Viini tisa vya zamani, kimoja juu ya kingine,
na hiki kipya kimeshindiliwa juu yao
hadi faili lake likakatika katikati,
nusu ndani, nusu hakuna.

Lumbesa.

Na ni mimi niliyeandika, kwa rangi nyekundu,
kwenye mlango wa chumba hiki hiki, LUMBESA MARUFUKU.
Mimi ninayewarudisha watu wa Mlali
na magunia yao mgongoni
wakafumue, wapunguze, washone upya.

Nikavifuta saba. Viwili nikaviacha;
mkulima hali mbegu yote.
Nikaagiza faili lijengwe tena, orodha iandikwe tena,
nikasoma kila mstari kwa sauti
kama anayekagua hesabu za mdeni.
Nikawasha.
Sikupumua.
Kishale kikapepesa mara moja, mbili,
kikapotea, na namba za mizani zikatokea:
sifuri, nukta, sifuri.

Mama Yusta akaingia saa kumi na moja na robo,
daftari lake kwapani kama kila siku,
hajawahi kuiamini hii mashine.
"Macho mbona mekundu?"
"Vumbi."

Gunia la kwanza likapandishwa.
Kilo mia moja thelathini na moja.
Mwenyewe akaanza kujieleza kabla sijafumbua mdomo,
mkono wake umeshika mshono.

Nikautazama mlango, ile rangi nyekundu.
"Subiri kidogo, kaka," nikamwambia.
"Ninywe kwanza chai ya Ndahani.
Imeshapoa."