Usinipasulie Sakafu

Sijatua mkoba, Bi Msanifu kanizuia mlangoni:
"Wewe wa nne, mwanangu. Watatu walikuja na sururu,
nikawapa chai, nikawarejesha na sururu zao.
Sakafu hii waliipiga wanawake kumi na saba, siku sita,
chokaa na udongo mwekundu, wakipokezana magogo,
nami tumboni mwa mama nikisikiliza.
Choo kizibuke. Sakafu isiguswe."

Nikavua viatu.
Harufu ilikwishatangulia ukumbini, imekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.

Mimi Mwatima binti Haji, fundi wa mabomba.
Hapa Kiponda watoto huniita tabibu wa makaro; sikasiriki.
Tabibu kwanza huuliza.
Kinapanda lini? "Masika. Na Ijumaa."
Ijumaa kwa nini? "Wajukuu wote waoga, waende msikitini."
Maji yakishuka yananyamaza, au yanaguna?
"Yanaguna. Kisha yanarudi, kama aliyesahau kitu."
Nusu ya maradhi nimeshayashika hapo,
na mkono haujalowa.

Nikamimina ndoo moja yenye rangi ya biriani,
nikatoka mbio uchochoroni, nikafunua chemba,
nikachutama nikihesabu.
Paka akaja kuhesabu nami.
Rangi ilichelewa, ikafika imepauka, imepungua:
njiani kuna anayekunywa.

Ndipo nikashusha jicho,
kamera ndogo kama kokwa ya tende, taa pembeni,
mkia wake waya wenye alama za mita.
Bi Msanifu akavaa miwani, akavuta kigoda.
Mita ya pili, safi.
Mita ya nne, mafuta yameganda, meupe, mazito.
"Ya sambusa," akasema. "Lakini Ramadhani ile, si hii."
Mita ya saba na nusu, jicho likakwama katika nywele.

Mizizi. Imesukwa, imefumuliwa, imesukwa tena,
imeingia pale bomba la kigae linapokutana na la plastiki,
au lilipotakiwa likutane; pana mwanya wa kidole.
"Mimi sina mti," akasema.
Sikujibu. Niliutazama ukuta wa jirani,
na mkomamanga wa Bwana Nasibu ulioinama juu yake.
"Mtu huyo hatusemezani tangu apandishe ukuta.
Yaangukayo kwangu nayala, sikatai."
Basi, bibi, wayala matunda yake huku juu,
nao wanywa maji yako huko chini.
Akacheka mpaka miwani ikamshuka.

Nilichimba, ndiyo. Shimo moja, nje, uchochoroni,
upana wa sinia la watu wanne.
Kutokea hapo nikapeleka minyororo izunguke,
ikanyoa mizizi, ikakwangua sambusa za mwaka juzi.
Kisha soksi: kitambaa kirefu kilicholoweshwa gundi,
kinavutwa mpaka penye jeraha, kinajazwa upepo,
kinakumbatia kuta, kinakauka.
Bomba ndani ya bomba.

Kabla sijaivuta akanishika mkono.
"Rudisha ile picha. Saba na nusu."
Nikarudisha.
Ukingoni mwa mwanya, kwenye saruji iliyofurikia ndani,
kulikuwa na alama ya kidole gumba.
"Pale alifunga marehemu. Alikataa fundi.
Alisema hapatavuja milele.
Alikuwa mwalimu wa jiografia."
Akatazama muda. Paka akatazama.
"Hiyo soksi itaifunika?"
Itaifunika.
"Hakuna namna ukaiacha wazi kidogo?"
Hakuna.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.
"Funika. Choo ni choo."

Saa tatu tulingoja, hakuna kufungua bomba,
mjukuu mmoja akajizuia mpaka akahama miguu.
Jioni nikamimina ndoo ya mwisho.
Maji yakashuka, hayakuguna,
hayakurudi kuulizia kitu.
Bi Msanifu alikuwa ameinama sakafuni, anaipapasa kwa kiganja,
kuanzia mlangoni, hatua saba na nusu,
akasimama hapo.

Pesa alinilipa pungufu. Zilizobaki ni Ijumaa,
wakishaoga wote.