Ngazi Iliyoazimwa

Redioni wamemleta mtaalamu.
Sauti yake safi, ya mtu aliyeoga maji ya moto.
Anasema vita vina ngazi,
na majeshi huipanda kidato kwa kidato:
kwanza mpaka, kisha madaraja,
kisha mitambo ya umeme, kisha miji yenyewe.
Huko juu kabisa kuna kidato kimoja,
akikifikia hushusha sauti
kama anayepita chumba alicholala mtoto.

Mimi ni seremala. Miaka arobaini na mmoja.
Nikisikia ngazi, naiwaza yangu.

Vidato kumi na kimoja, msonobari mtupu,
isipokuwa cha nne. Hicho ni mwaloni,
nilikibadilisha baada ya Motrya kukivunja
akiwa na mimba ya Lesya.
Prokhor aliiazima Jumapili,
theluji ilikuwa imelielemea paa lake.
Ni mkwe wangu: Lesya kaolewa na mwanawe,
kijiji chao kiko ng'ambo, kilomita tisa,
na askari wa mpakani walimjua hadi jina la mbwa wake.
Akaifunga juu ya gari kwa kamba ya katani.
"Jumapili ijayo naileta, Omelyan. Na chupa."

Alhamisi, jogoo hajawika,
vifaru vikaja kwa barabara ileile.

Sasa tuko chini ya shule, kati ya magunia ya viazi,
tunabishana vitakwishaje.
Mwalimu Hnat anasema kwa kalamu, kwenye meza ndefu,
katika nchi yenye ziwa na hoteli.
Paraska wa maziwa anasema kwa jeneza,
hasemi la nani.
Kijana wa mganga wa mifugo, mguu mmoja,
anasema havitakwisha, vitachoka tu,
vilale mlangoni kama mbwa
na kila atokaye avikanyage mkia.

Mpanda ngazi hushuka, walisema waliotutangulia.
Kweli. Ila hawakusema hushukaje.

Niulizeni mimi.
Kupanda ni macho: unakiona kidato, unakishika.
Kushuka ni unyayo. Unawapa watu mgongo,
uso ukutani, mguu unapapasa hewa
ukitafuta kitu usichokiona.
Wanaume wengi niliowajua walioanguka
walianguka wakishuka,
na wengi kati yao kwa sababu watu walikuwa wanatazama.
Yule wa redioni hajasema hata mara moja
nani anashikilia chini.

Prokhor alipiga simu, majira ya baridi ya pili.
Laini ilikuwa inakwaruza.
Sikumuuliza mwanawe kavaa sare gani.
Hakuniuliza ghala langu lilichomwa na nani.
Lesya? Yuko, akasema. Anafua.
Kisha kimya, nikamsikia akipumua puani,
kama apumuavyo akipima ubao.
"Theluji nyingi mwaka huu," akasema.
Nikasema: "Kidato cha saba kinateleza. Angalia."
Akasema: "Najua."
Simu ikakatika, au aliikata.

Bado sijui kama ni msamaha ule
au ni useremala tu.

Juni hii cheri zimezaa kwa wazimu,
kana kwamba hazikuambiwa.
Za chini tumezichuma. Za juu zimeiva hadi weusi,
kwezi wanazila, wanatudondoshea kokwa vichwani.
Motrya hakubali. Ana miaka sitini na minane.
Kaburuta sanduku la makombora,
wameliacha tupu kwenye shamba la alizeti,
kaligeuza, kapanda.
Sanduku linalia kwa misumari mibovu.
Kaskazini kunanguruma, si mbali, si karibu.

"Omelyan, unaangalia nini huko?"
Naangalia barabara.
"Njoo ushike."

Nimepiga magoti kwenye majani.
Nimeshika ubao kwa mikono miwili,
na vifundo vyake vya miguu viko mbele ya macho yangu,
vyeupe, vimevimba,
vinatetemeka kidogo.