Mshindio wa Mwisho

Tulirekodi Łódź, ghorofa ya pili ya kiwanda cha nguo
kilichokwisha kuuzwa. Mwezi wa tatu waje mafundi
kupachika mabafu ya watu wenye fedha.
Februari; maji yameganda bombani.
Ireneusz kavaa glavu zilizokatwa vidole.
Gitaa lake lina nyuzi nne, mbili alizing'oa zamani
na hajatueleza sababu.

Mimi ni wa besi. Miaka ishirini na sita
nimesimama kushoto kwa ngoma za Jagna;
sikio langu la kulia ni sadaka yake.
Daktari alimwambia: ukiendelea, basi.
Akauliza: basi nini?
Daktari akamwandikia karatasini.

Kwa hiyo albamu hii, kisha basi.
Nyimbo saba, hakuna hata mmoja
wa kuimbwa na mtu anayekoga.
Tulipiga hadi plasta ikadondokea kahawa.
Bogumił, fundi wa kunasa sauti, akainua mkono:
"Kuna mlio, simjui mwenyewe."
Tukazima kimoja kimoja: amplifaya, hita, taa.
Gizani mlio ukabaki, mwembamba, kama deni.
Tukaunasa. Ndio wimbo wa tano.

Siku ya mwisho Jagna akamleta mama yake,
Bi Leokadia, aliyefuma ukumbi huuhuu
miaka thelathini na mmoja,
mitambo ikamla masikio kabla ya kumpa pensheni.
Akavua buti. Akasimama kwa soksi za sufu juu ya mbao.
Tukapiga.

Nilidhani atatabasamu kwa adabu, kama shangazi zangu.
Akafumba macho. Kidole kikahesabu pajani:
mtande, mshindio, mtande, mshindio,
mshindo wa bintiye ukipanda nyayoni,
na katikati ya kishindo chote kile
akapaza sauti ya msimamizi wa zamu:
"Wa sita anachelewa! Uzi utakatika!"

Wa sita? Tulikuwa watatu.
Bogumił akarudisha mkanda.
Besi yangu, nyuma ya ngoma kwa unywele mmoja,
na pengine miaka yote ile,
na Jagna kanisubiri bila kusema.

Ireneusz akataka turudie.
"Acha," Jagna akasema, kwa nguvu mno,
kama wasemavyo wasiojisikia.

Ukiipata santuri, geuza upande wa pili,
usiinue sindano mapema.
Karibu na karatasi ya katikati, baada ya sisi kunyamaza,
kuna kikongwe anafunga kamba za buti,
anakosea tundu, anaanza upya.