Miezi Mitatu Bila Beleshi

Miaka thelathini na minne niliendesha gari la kusukuma theluji
katika barabara za Asahikawa, saa tisa za usiku,
mji mzima umelala, mimi nachonga kuta nyeupe.
Nikastaafu. Daktari akalibonyeza goti lako, Setsuko,
akaisoma na ile karatasi nyingine, akaikunja,
akasema: baridi ikiingia, mkakae penye joto.
Wapi, hakusema.

Tukaanza na Penang.
Chumba juu ya duka la fundi saa, ngazi ishirini na mbili.
Ulizihesabu wewe, ukapata kumi na tisa,
nami sikubisha.
Bahari ilikuwa mwisho wa kichochoro, imekaa tu,
kama mtu aliyefika mapema.
Bibi Siew Lan, mwenye nyumba, si msemaji;
alituachia papai mlangoni, limefungwa gazeti.
Na zile tambi za mchuzi wa samaki, zenye ukwaju,
tulizila tukitokwa jasho na machozi, tukaagiza tena.
Siku ya tatu moyo wangu ulikwisha kutua mizigo.

Siku ya sita ulitoka kununua mkate.
Saa nne nzima.
Polisi alikukuta gatini, kwenye foleni ya kivuko,
kijana mpole, amekununulia maji.
Alikuuliza unakaa wapi
ukamtajia mtaa wetu wa Asahikawa, na nambari ya nyumba,
bila kukosea hata tarakimu.

Kisha Chiang Mai.
Bahari hakuna. Mlima upo, mmoja,
na mwezi wa tatu, waliniambia, mashamba huchomwa
na mlima hufutika, na watu hukohoa hadi mvua.
Nyumba ya chini, haina ngazi, ina mjusi mwenye makelele.
Jirani ni Buakhiao, dobi,
anapiga pasi mashati ya hoteli langoni pake,
na mama yake kando, juu ya kigoda,
anauliza kila dakika kama mume wake amerudi.
Mume alikufa zamani.
"Bado, mama," wanamjibu wote: muuza barafu,
watoto wa shule, hata mtu wa umeme.

Siku ya nne nikaamka, kitanda chako kitupu.
Nikatoka mbio, mguu mmoja na kiatu.
Buakhiao hakuinua pasi. Alinionyesha kwa kidevu.
Mlikuwa chini ya mti wa longani, wewe na yule mama,
mnamenya vitunguu saumu vya mtu,
yeye kwa lugha yake, wewe kwa yako,
kila mmoja akisimulia, kila mmoja akiitikia.
Nilirudi ndani kutafuta kiatu cha pili.
Nilikitafuta muda mrefu.

Tuliporudi nyumbani nilichora mistari, kama dereva:
kodi, ndege, hospitali, hewa.
Penang ilishinda kila safu.
Nikakuuliza. Ukasema: ule wenye bahari.
Kesho yake: ule wenye mlima.
Keshokutwa ukaniuliza: kwani tunasafiri?
Mshika mawili mimi, na yote mawili yananitazama.

Basi nimelipa Chiang Mai,
hadi mwisho wa mwezi wa pili, kabla ya moshi.
Bibi Siew Lan nimemwandikia kumwomba radhi.
Amejibu kwa mstari mmoja: ngazi bado ni kumi na tisa.
Sijui alikusikia lini.

Leo theluji imeanza, ile nyepesi, ya kudanganya.
Unafunga sanduku lako, unalifungua, unalifunga.
Ulipolala nimechungulia:
soksi za sufu, picha ya paka, dawa,
na lile beleshi dogo la kizingitini, limefutwa maji, limefungwa taulo.
Nilinyoosha mkono nilitoe.
Nimeliacha.
Longani nao huangusha majani.